Muulize Bwana Shamba: Mvua imenyesha, maji yako wapi?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Tabora na moja imetoka Kigoma. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Wastani wa mvua uko shamba la nani?

*Bwana Shamba, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa mpunga wilayani Igunga, nina majaruba, yale mashamba ya kutuamisha maji, ya ekari mbili niliyorithi kwa baba yangu. Msimu uliopita mvua ya Desemba ilinyesha kwa fujo hadi njia ya kwenda mnadani ikakatika. Kisha kuanzia wiki ya kwanza ya Februari jua likawaka siku 22 mfululizo, wakati mpunga unabeba mimba. Mvua ilirudi Machi, lakini nilivuna magunia sita, na ndani yake mapepe, yaani maganda matupu, tele. Tuliambiwa kwamba kwa jumla mvua ya msimu ilikuwa ya wastani. Nauliza: wastani huo uko shamba la nani?*

Ndugu yangu wa Igunga, swali lako nimelisoma mara tatu, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo sisi wataalamu tumelieleza vibaya kwa miaka mingi. Tunapozungumza na wakulima kuhusu mabadiliko ya tabianchi huwa tunasema "mvua zimepungua", na mkulima aliyeona njia ikikatika kwa maji ya Desemba anatuona waongo. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Tabora hupata kati ya milimita 700 na 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na Igunga iko upande wa chini wa kiwango hicho. Jumla hiyo inaweza kubaki ile ile na bado mpunga ukafa, kwa sababu mpunga hauishi kwa jumla ya mwaka. Unaishi kwa maji yaliyopo jarubani leo, na katika siku za kubeba mimba na kuchanua hauna subira. Ukikosa maji hapo, mvua ya Machi haiwezi kurudisha punje ndani ya ganda.

Kinachobadilika zaidi ni mpangilio. Dunia imeshapata joto la zaidi ya nyuzi moja ya Selsiasi ikilinganishwa na nusu ya pili ya karne ya 19, na kila nyuzi moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Hewa hiyo ikipata nafasi ya kunyesha humwaga kwa wingi mahali pamoja, na isiponyesha huendelea kunyonya unyevu kutoka kwenye ardhi, majani na mabwawa. Ndiyo maana joto lile lile linaweza kuleta mafuriko ya Desemba na kukausha jaruba Februari. Ukavu wa katikati ya msimu si mgeni Unyamwezini, wazee wetu waliujua na waliupangia. Tofauti ni kwamba sasa jua la siku hizo ni kali zaidi, na maji yaliyotangulia yalikuja kwa haraka kuliko uwezo wa shamba kuyapokea.

Sasa tuje kwenye kingo zako, maana hukuzitaja na mimi nadhani jibu liko hapo. Mpunga uliosimama katika udongo mzito wa mbuga, yale mabonde ya udongo mweusi, hupoteza maji ya kina cha milimita 7 au 8 kwa siku. Mengi hunywewa na mmea au huchukuliwa na jua, na machache huzama. Jaruba lenye maji ya kina cha sentimita 10 litayamaliza kwa siku 13 hivi. Jaruba lenye sentimita 20 litafika siku ya 26. Wewe ulikaa siku 22 bila mvua. Kati ya kupona na kuvuna mapepe palikuwa na sentimita 6 au 7 za maji, nazo zilipita juu ya ukingo wako Desemba zikaenda kukata njia ya mnadani.

Katika miaka yangu ya kuzunguka mbugani nimekuta majaruba mengi ambayo ukingo wake haufiki hata kifundo cha mguu, tena umetobolewa na panya na kaa. Siku moja nilimwomba mkulima mmoja asimamishe kijiti katikati ya jaruba na kukitia alama kwenye usawa wa maji jioni. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole vitatu, na jua la usiku hakuna. Tulizunguka ukingo tukaona tundu dogo la kaa likichuruzika upande wa chini, na magugu yamelifunika. Yeye alikuwa amekwisha kuliambia kanisa zima kwamba mwaka huo jua limekuwa kali.

Kwa hiyo kabla ya msimu ujao, pandisha kingo zifike sentimita 30, zishindilie udongo ungali na unyevu, na sawazisha sakafu ya jaruba, kwa sababu mahali palipoinuka ndipo mpunga huanza kukauka huku pembeni ukiogelea. Usijaze maji yote mapema, maana mche mchanga ukifunikwa huoza. Acha mlango wa kutolea maji uwe chini mwanzoni, uupandishe kadiri mpunga unavyorefuka, ili ifikapo mwisho wa Januari kila tone linalonyesha libaki ndani. Kumbuka pia kwamba udongo wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi hata mkono ukazama mpaka kiwiko, na mvua za kwanza huishia katika nyufa hizo. Anayelima mapema na kuvunja mabonge huziba njia hizo upesi.

Kuhusu mbegu, wengi kwenu mnapanda Supa kwa sababu ya harufu yake na bei yake, nami siwalaumu. Lakini mbegu ya SARO 5 hukomaa mapema zaidi, kwa takriban siku 120, na siku zinazopungua shambani ni siku zinazopungua za kuwa hatarini. Ekari mbili ulizo nazo zinaweza kugawanywa, na ningekuwa wewe nisingeweka zote kwenye mbegu moja wala kwenye tarehe moja ya kupandikiza.

Jambo la mwisho ni dogo. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lisimamishe juu ya nguzo mbali na mti na paa, na kila asubuhi chovya rula ndani yake uandike milimita ulizozikuta. Andika hata siku ya sifuri. Baada ya misimu mitatu utakuwa na wastani wa shamba lako mwenyewe, na muhimu zaidi, utajua ukavu wako huanza tarehe zipi. Tarehe hizo zikilinganishwa na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndizo zitakazokuelekeza siku ya kumwaga mbegu kitaluni.

Mahindi ya luseni na ya mbugani

*Mimi ni mama wa Uyui. Nina shamba la mahindi juu, kwenye luseni, udongo wa kichanga, na jirani yangu analima chini karibu na mbuga. Mvua inatunyeshea sote, lakini jua likiwaka wiki mbili mahindi yangu yanajikunja kama tumbaku iliyoko banini, kwenye kibanda cha kukaushia, ya kwake yamesimama. Je, nihame?*

Mama, usihame kwanza. Udongo wa kichanga unywao maji upesi huyaachia upesi vilevile. Katika kina cha sentimita 60 ambamo mizizi mingi ya mahindi hufanya kazi, luseni huweza kuhifadhi kama milimita 40 au 50 za maji yanayofikiwa na mmea, na mahindi yanayochanua hutumia kama milimita 5 kwa siku. Siku ya kumi ghala limekwisha. Udongo wa jirani yako hubeba mara mbili ya hapo au zaidi, basi yeye huifikia wiki ya tatu akiwa bado na akiba.

Huwezi kugeuza luseni kuwa mbuga, ila unaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni samadi, tena si ya kutupwa juu ya shamba lote kama chumvi, bali ile iliyooza vizuri na kuwekwa kwenye mstari wa kupandia, ambako itashika maji karibu na mzizi. La pili ni matuta. Wanyamwezi ni mafundi wa matuta tangu zamani, lakini nikipita barabara ya kwenda Isikizya naona mengi yameelekezwa kwenye mteremko, na kila mfereji kati ya tuta na tuta umekuwa bomba la kupeleka mvua yako kwa jirani. Yageuze yakate mteremko, kisha kila baada ya mita mbili hivi weka kizuizi kidogo cha udongo katikati ya mfereji, kiwe kifupi kuliko tuta lenyewe ili mvua ikizidi ipite juu yake bila kubomoa tuta. Mvua ya milimita 60 kwa alasiri moja ni karibu lita 240,000 kwa ekari. Ukiizuia nusu yake umejipatia kisima ambacho hakuna fundi anayeweza kukuchimbia kwa bei hiyo.

Tahadhari moja: usifanye hivyo kwenye tumbaku. Mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama.

Lambo letu halifiki Agosti

*Sisi ni kamati ya lambo la kijiji, wilayani Nzega. Lilipochimbwa, maji yalikuwa yanafika Novemba, ng'ombe wanakunywa na kina mama wanamwagilia bustani za mboga. Sasa Agosti ni tope tupu. Mwenyekiti anasema ni mabadiliko ya tabianchi na hakuna la kufanya isipokuwa kuandika barua wilayani.*

Waheshimiwa wanakamati, barua andikeni, lakini kabla ya kuandika chukueni jembe. Agosti hiyo hiyo, tope likianza kukauka, chimbeni shimo katikati ya lambo mpaka mfikie udongo wa asili uliokuwapo siku ya kwanza, ambao kwa kawaida ni mgumu zaidi na rangi yake ni tofauti. Pimeni unene wa tope lililo juu yake. Mkikuta mita moja, mtakuwa mmeipata sehemu kubwa ya maji yenu yaliyopotea, wala hayakuchukuliwa na tabianchi.

Jua nalo lina sehemu yake, na tuihesabu kwa haki. Kutoka Mei mosi hadi mwisho wa Oktoba ni siku 184. Maji yaliyo wazi katika nchi kama yetu hupungua kwa milimita 5 au 6 kila siku kwa kuvukizwa tu, hivyo katika kiangazi kimoja lambo hupoteza kina cha kama mita moja kabla ng'ombe hata mmoja hajainamisha kichwa. Joto linavyoongezeka kiwango hicho hupanda, ingawa si kwa kiasi cha kuifuta miezi mitatu kwa mkupuo. Lambo lenye kina cha mita tatu huipoteza mita hiyo na kubaki na mbili. Lambo lile lile, likijaa tope hadi kubaki na kina cha mita moja na nusu, huipoteza mita ile ile na kubaki na maji ya magotini, na hayo ndiyo wanyama huyamaliza kwa wiki chache. Tope na joto vinafanya kazi pamoja, lakini tope ndilo mnaloweza kulikamata.

Limetoka wapi? Tazameni upande maji yanakoingilia. Nina hakika mtakuta njia ya mifugo iliyochimbika kuwa korongo, mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, na miti iliyokatwa kwa ajili ya mkaa au kwa ajili ya mabani. Mvua zinazomwagika kwa nguvu zaidi hubeba udongo mwingi zaidi kutoka mahali palipo uchi, na hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoliathiri lambo lenu kuliko kwa jua lenyewe. Dawa yake mnayo katika mila: tengeni ngitili upande wa juu, eneo la majani lisiloingiwa na mifugo hadi kiangazi kikolee, ili majani yachuje tope kabla halijafika majini. Zungushieni lambo uzio wa miiba au mkonge, na mjenge birika la kunyweshea mifugo nje ya uzio upande wa chini ya tuta. Ng'ombe anayeingia lamboni hukanyaga kingo na kusukuma udongo ndani kila siku ya Mungu.

Mtakapochimbua tope, chimbeni kwenda chini badala ya kupanua. Lambo pana lenye kina kifupi ni sinia la kuanikia maji. Na tope lenyewe msilitupe, kwani ni udongo wa juu wa mashamba yenu pamoja na samadi ya miaka mingi. Wenye luseni, akiwamo yule mama wa Uyui, wangelichukua kwa mikokoteni.

Kisima kirefu kwa ekari tano

*Shikamoo Bwana Shamba. Mimi ni kijana wa Sikonge, nimemaliza chuo na nataka kulima nyanya na vitunguu ekari tano wakati wa kiangazi kwa kisima kirefu na pampu ya jua. Mvua siitegemei tena. Unanishauri nini?*

Marahaba mwanangu. Nakushauri uanze na hesabu kabla ya kumwita mchimbaji. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba wa itale, yaani graniti, na maji ya chini ya ardhi hukaa katika tabaka la mwamba uliooza na katika nyufa zake, si katika ziwa la chini kwa chini kama watu wanavyolifikiria. Ndiyo maana kisima kimoja hupata maji na kingine, hatua 50 tu pembeni, hutoa vumbi. Tuseme umebahatika kupata kisima kinachotoa lita 1,200 kwa saa, na jua linaiendesha pampu kwa saa saba: hizo ni lita 8,400 kwa siku. Bustani ya kiangazi huhitaji kama lita 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Gawanya, utapata mita za mraba 1,400, yaani theluthi moja ya ekari. Umwagiliaji wa matone na matandazo vitakuongezea eneo, lakini havitakufikisha ekari tano.

Tena kusema kwamba mvua huitegemei ni kujidanganya, kwani maji ya kisima ni mvua ya misimu iliyopita. Mvua inayoshuka kwa kishindo na kukimbia mtoni huacha kidogo kinachozama, na visima vyote vya jirani vikivuta kwa pamoja usawa wa maji hushuka.

Kwa hiyo fanya upimaji wa kitaalamu kwanza, tumia mchimbaji mwenye leseni, pima wingi na chumvi ya maji kabla ya kununua pampu, na uombe kibali cha kutumia maji kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Maji ya Sikonge huelekea Ugalla na Malagarasi, hivyo uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Kigoma. Anza na robo ekari ya vitunguu. Ukifanikiwa niandikie.

Maji ya Ziwa Viktoria

*Bomba la Ziwa Viktoria limefika kwetu Tabora mjini. Ninaweza kumwagilia nusu ekari ya mchicha kwa maji hayo?*

Yatatoka, ndiyo, lakini kwa kipimo kile cha lita 6 kwa kila mita ya mraba nusu ekari itahitaji kama lita 12,000 kwa siku, na kila uniti moja ya lita 1,000 inalipiwa. Maji hayo yamesukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, yakasafishwa ili watu wayanywe. Tumia maji yaliyokwisha kuoshea vyombo na mboga kwa tuta mbili za mchicha wa nyumbani. Kwa biashara, tafuta chanzo kingine.

Ziwa limemeza bustani, michikichi haizai

*Kaka Bwana Shamba, nakuandikia kutoka mwambao wa Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipanda likameza bustani yangu yote ya nyanya na bamia. Huku juu mlimani michikichi yangu mwaka huu imetoa mikungu michache na madume mengi. Maji yamezidi na mazao yamepungua. Sasa ni ukame au ni mafuriko? Na ziwa likirudi nyuma, nipande tena pale pale?*

Dada yangu, ni vyote viwili, ila kila kimoja kina kalenda yake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yanayoliacha hayapitii hapo bali huvukizwa. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda na huchukua miaka kushuka. Lilifanya hivyo baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, na limefanya hivyo tena miaka hii, ambapo mvua kubwa zilizoikumba Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa 2019 zilifuatwa na zile za El Niño ya 2023 na 2024. Kwa hiyo ziwa linakuonyesha mvua za miaka mingi zilizojumlishwa pamoja, na ukiwa Kigoma linakujia na mvua zilizonyesha hadi huku kwetu Tabora, kwa kuwa Igombe na Ugalla huishia katika Malagarasi.

Mchikichi hauijui jumla hiyo. Unajua unyevu ulio mita moja chini yake, na kiangazi cha Kigoma huchukua miezi minne au zaidi bila mvua ya maana hata katika mwaka ambao ziwa limefurika. Mti huo huamua jinsi ya maua yake mapema sana, karibu miaka miwili au zaidi kabla ya mkungu kuiva, na ukibanwa na kiu wakati huo hutoa maua dume. Madume unayoyaona leo yanakusimulia kiangazi cha mwaka juzi. Usiikate michikichi hiyo. Weka makuti yaliyokatwa yawe matandazo kuzunguka shina, chimba makinga maji yenye umbo la nusu mwezi upande wa juu wa kila mti ili mvua ya mteremkoni isimame hapo, na usafishe magugu kabla kiangazi hakijaanza. Matokeo utayaona baada ya miaka miwili, jambo ambalo mwenye shamba anapaswa kulijua asije akakata tamaa mwaka wa kwanza.

Kuhusu bustani, jibu langu ni hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukiacha sheria, ziwa lenyewe limekwisha kukuonyesha linapofika. Tafuta alama ya juu kabisa ya maji kwenye ukuta au kwenye shina la mwembe, rudi nyuma kutoka hapo mita hizo 60 kuelekea nchi kavu, na bustani yako ianzie hapo. Pampu ndogo na mpira vitayafuata maji popote yatakapokuwa, lakini mpira nunua mrefu kuliko unavyodhani unahitaji, kwani ziwa litakaporudi nyuma litakwenda mbali nawe.